Nitapatana Naye Kabla Hajapatana Nami

Jumapili, 2 Machi
Mchungaji kahubiri kupatana. Acha sadaka yako, nenda kwanza ukapatane na ndugu yako. Akanitazama mimi. Mimi! Na Kinyozi kakaa benchi lile lile! Jumapili ijayo ni Meza ya Bwana, na mwalimu wa kwaya katangaza kuwa mwenye kinyongo haimbi. Miezi minane sasa tangu Kinyozi apewe kuongoza wimbo wa ushirika, wimbo niliouongoza mimi miaka sita. Simchukii. Nikimwona navuka barabara tu. Mke wangu kacheka, kasema hata nywele najinyoa mwenyewe kwa vioo viwili, na kisogo kinashuhudia. Nimeamua: nitapatana naye kabla hajapatana nami. Kwenye wimbo alinitangulia. Kwa hili hanitangulii.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika maneno ya kuomba radhi, kurasa mbili. Nikaenda kibandani kwake saa kumi, saa ya wateja, maana kuomba radhi bila mashahidi kuna faida gani? Walikuwepo watatu. Nikaambiwa nipange foleni! Zamu yangu ilipofika, wote walishakwenda zao. Ningeomba radhi mbele ya nani, mashine ya kunyolea? Nikanyolewa, nikarudi. Kaninyoa vizuri. Inaniuma.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi ya kwaya. Mashahidi ishirini na wawili! Nikakohoa, nikakunjua karatasi. Kinyozi akasimama kabla yangu. Akasema alijua wimbo ule uliniumiza, akanyamaza miezi yote hiyo kwa kiburi, na sasa anaomba radhi. Basi. Hata dakika haikuisha! Kina mama wa sauti ya pili wakalia. Machozi yale yalikuwa yangu! Nikasema nimemsamehe, kwa sauti ya juu. Hakulia mtu. Nina wivu. Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Jumamosi, 8 Machi
Kinyozi kaja nyumbani. Hata kukaa hakukaa. Kasema, "Kaka, kesho ongoza wewe. Wimbo ni wako, mimi niliushika tu." Nusura nimkumbatie. Miezi minane nalala na kuamka na wimbo huo! Kisha nikawaza: mimi nitapata wimbo, yeye atapata sifa. Kanisa zima litasema mwone Kinyozi alivyo mnyenyekevu. Nikakataa. Nikasema aongoze yeye. Akasema mimi. Nikasema yeye, nikagonga meza. Mke wangu katoka jikoni kuuliza tunagombania nini tena.

Jumapili, 9 Machi
Mwalimu wa kwaya kusikia tumekataa wote wawili, kampa wimbo mpiga kinanda. Kauimba vizuri mno, mwizi yule. Mchungaji kasimulia habari za Kinyozi dakika kumi nzima. Mimi nilitajwa mara moja: "na mwenzake." Wakati wa kupeana amani Kinyozi kanikumbatia, nami nikamng'ang'ania mpaka akaachia yeye kwanza.

Nimekaa, nimetafakari, na kosa langu nimeliona. Nilianza kwa kuchelewa. Meza ya Bwana ijayo ni baada ya miezi mitatu. Kesho asubuhi nakwenda kugombana na mpiga kinanda, nipate muda wa kutosha wa kumwomba radhi kabla hajaniwahi.