Saladi ya Mwanga wa Zambarau

Jumatatu, 13 Novemba

Theluji ya kwanza. Profesa Stumpf, mkuu wa idara yetu ya usalama wa chakula, katuita ofisini, mimi na Marisol Quiñones, akatueleza kwa sauti yake ile ya kutuliza ng'ombe kwamba fedha za mwakani zinamtosha mtafiti mmoja tu. Mmoja! Nasi tuko wawili. Atatangaza jina Jumanne ijayo, kabla ya sikukuu ya Shukrani, siku Marekani nzima inapokula bata mzinga.

Nikikosa, shemeji yangu Duane ameshaniwekea nafasi kwenye mabanda yake ya bata mzinga. Yaani nisome mpaka udaktari, nikazoe kinyesi cha bata! La hasha.

Mimi nina mashine. Inapitisha umeme hewani, hewa inatoa mwanga wa zambarau, na bakteria waliokaa juu ya mboga wanakufa bila maji, bila moto, bila dawa. Marisol ana virusi. Ndiyo, virusi, eti vinakula bakteria. Aliviokota kwenye maji taka ya mji huu huu. Nani atataka nyama yake ya kuku inyunyiziwe virusi hivyo? Watu wanastahili kujua vilikotoka.

Jumatano, 15 Novemba

Wamejua. Nilimnong'oneza Mzee Gerhardt, profesa mstaafu anayekuja kila siku kunywa kahawa yetu. Siri kwake haikai. Kufika saa ya chakula Profesa Stumpf akamwomba Marisol atusimulie jinsi alivyoning'inia kwenye shimo la maji taka na ndoo mkononi. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Sasa ni shujaa. Dunia haina haki.

Haidhuru. Ijumaa ni Karamu ya Vyungu. Kila mtu idarani analeta chakula alichopika, na kwa kuwa sisi ndio sisi, kila chakula kinachukuliwa sampuli kwa kijiti cha pamba kabla hakijaguswa. Sampuli zinapakwa kwenye visahani vya kuoteshea bakteria, visahani vinalala kwenye kabati la joto hadi Jumatatu. Mwenye chakula safi kuliko vyote anavikwa taji la karatasi. Mwenye kichafu kuliko vyote anaosha vyombo vya maabara mwaka mzima. Mzee Gerhardt na mayai yake ya kujazwa ameosha miaka mitatu mfululizo wala haoni haya.

Mpango wangu: saladi ya letusi mbichi, iliyopita kwenye mwanga wangu. Mbichi! Tangu lini mtu akavikwa taji kwa kitu kibichi? Profesa akikiona kisahani changu kitupu, Marisol atafungasha ndoo yake.

Ijumaa, 17 Novemba

Asubuhi. Balaa. Nilitaka kuwa na hakika, nikauacha mwanga juu ya letusi na kwenda kuchukua kahawa. Mzee Gerhardt akanianzishia kisa cha goti lake. Kisa kina sura nyingi. Niliporudi, letusi ilikuwa imelegea, imegeuka rangi ya chai, inanuka kama mashine ya fotokopi. Nimeitupa kwenye pipa chini ya meza yangu, nikakimbilia dukani, nikanyakua mfuko wa letusi iliyokwisha kuoshwa na kuimimina bakulini. Nani atajua? Letusi ni letusi.

Jioni. Karamu imefana, ingawa hakuna aliyekula sana. Kila mtu alizunguka na kipimajoto chake, anakichomeka kwenye chakula cha mwenzake, anasoma, anatabasamu, anapita. Tamale za Marisol, vile vifurushi vya unga wa mahindi na nyama, zilikuwa zinafuka mvuke na ziliisha. Saladi yangu ilitazamwa kwa heshima. Profesa Stumpf alikula jani moja, akatafuna taratibu, akasema haamini kwamba limepita kwenye umeme. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Marisol alinusa bakuli, akauliza mbona leo hainuki umeme kama kawaida. Nikamwambia hayo ndiyo maendeleo. Namwonea huruma kidogo.

Jumatatu, 20 Novemba

Sijui nianzie wapi. Visahani vilipangwa mezani, idara nzima ikavizunguka. Mayai ya Mzee Gerhardt: madoa machache. Saladi yangu: kisahani kimejaa pomoni, huoni hata pa kuweka ncha ya sindano. Mzee Gerhardt aliniinulia kikombe.

“Karibu kwenye sinki, kijana wangu. Bomba la maji moto ni la kushoto.”

Profesa alisema hao si bakteria wa kuua mtu, ni wa kuozesha tu. Kisha akasema, polepole, kwamba basi mashine haifanyi kazi. Nikamwambia nadhani Ijumaa umeme ulikuwa hafifu.

Nimeukuta ule mfuko wa letusi ndani ya koti langu. Una kibandiko cha njano cha bei ya kutupa. Tarehe imepita. Mimi, ninayefundisha watu kusoma tarehe!

Alasiri Marisol alikuja mezani kwangu na kisahani, akakiweka mbele yangu. Kitupu. Safi kama kioo. Ijumaa aliyaona yale majani niliyoyaunguza kwenye pipa, akayachukua sampuli kwa udadisi.

“Mashine yako inafanya kazi, Wendell. Inapika tu kupita kiasi. Nenda kamwambie Prof mwenyewe. Usipokwenda, nitakwenda mimi, na unajua mimi ni hodari wa kusimulia.”

Angeweza kukitupa kile kisahani, na kazi ingekuwa yake. Niliona haya, kweli kweli. Sikumbuki mara ya mwisho kuona haya namna hii. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia chini ya meza yangu mwenyewe.

Jumanne, 21 Novemba

Nimekiri. Profesa Stumpf alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo ni baya zaidi. Kisha akasema nafasi ni ya Marisol, na alikuwa ameamua hivyo tangu wiki iliyopita. Tangu shimo la maji taka! Yaani ni mimi niliyempa kazi.

Marisol akaomba nafasi igawanywe nusu kwa nusu: virusi vyake vitangulie, mwanga wangu ufuate, kidogo, usiunguze. Profesa akakubali. Nilimshukuru Marisol kwa dhati. Nusu ya wiki nitakuwa maabara, nusu kwa bata wa Duane, na katikati naosha vyombo. Nimejifunza mengi. Ujanja basi. Kuanzia leo ni ukweli mtupu.

Leo nilikuwa kwenye sinki, Mzee Gerhardt ananifundisha kusugua chupa, nikawaza kidogo kuhusu karamu ya mwakani. Kosa halikuwa mfuko wala tarehe. Kosa lilikuwa rangi. Kuna kabichi ya zambarau pale dukani. Mwanga wa zambarau, kabichi ya zambarau: hata ikiungua, nani atajua?

Nimemnong'oneza Mzee Gerhardt. Ameapa hatamwambia mtu.