Yah: Ngoma Inayochechemea Temeke

Kwa Ndugu Gaudens,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

Shikamoo Mwenyekiti.

YAH: KUOMBA BANDA LA FARAJI LIFUNGWE KABLA MTAA MZIMA HAUJACHECHEMEA

Natumaini u mzima, na kwamba lile shauri la mtaro limepata ufumbuzi. Kama bado, liache kwanza. Hili langu ni kubwa zaidi.

Unanijua, mie ni prodyuza, mwenye studio ile iliyopigiliwa magodoro ukutani. Kazi yangu kubwa ni nyimbo za kuingilia ukumbini harusini, na kwenye ukoo wa mke wangu Munira hakuna aliyeolewa bila biti yangu. Mwezi uliopita ameolewa shemeji yangu Salma, na mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, wimbo wa kuingilia akampa Faraji. Faraji mpiga video za harusi! Nimedhalilika, Mwenyekiti. Ukweni sina tena pa kuweka uso, na wateja wameanza kupita mlangoni kwangu wakiangalia upande wa pili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Faraji hana programu ya muziki. Nyimbo anazitengenezea kwenye programu ya kuhariri video, ileile anayokatia picha za watu wanaolishana keki. Picha anaipanga juu, sauti anaipanga chini yake, akitaka ngoma anaibandika kama anavyobandika jina la bwana harusi. Nilikwenda kumuuliza kistaarabu kabisa (ufagio nilikuwa nimeushika kwa bahati mbaya tu), akanijibu kwamba sauti ni sauti. Mtu mzima anajibu hivyo?

2. Namna anavyofanya ndiyo balaa lenyewe. Sie maprodyuza tunatengeneza ngoma, kisha watu wanaifuata kwa miguu. Ndivyo ilivyokuwaga siku zote. Faraji yeye alikwenda uani kwa Bi Mwanakombo, akamrekodi kwa simu akifanya mazoezi ya kuingia, wifi zake nyuma. Akarudi bandani, akaiweka video ile kwenye kompyuta, na kila mguu ulipogusa ardhi akapachika ngoma. Mguu kwanza, ngoma baadaye! Na goti la kulia la Bi Mwanakombo unalijua lilivyo bovu. Basi ngoma inapiga, inangoja, inajikokota, ndipo inapiga tena. Biti inachechemea, Mwenyekiti! Nimeipima kwa mashine zangu zote, mashine zimegoma.

3. Siku yenyewe, kule ukumbini Sinza, Bi Mwanakombo akaingia sambamba na ngoma. Harusi zote za nyuma, kwa biti zangu, wimbo ulikuwa unamwacha mlangoni. Anafika meza kuu umeshaisha, mshereheshaji anapiga soga kuziba pengo. Safari hii kaingia utadhani ukumbi ni wake, anacheza, anatupa leso, anazunguka, anaendelea. Vigelegele vikapigwa mpaka mlinzi wa getini akaacha geti. Mie nimekaa pale na soda yangu, watu wananipa pole kana kwamba nimefiwa. Nauliza, hayo si matumizi mabaya ya goti?

4. Wimbo umevuja. Vijana wanaucheza kila kona, na huwezi kuucheza bila kuchechemea. Mtindo wameupa jina: Goti. Kijana mwenye afya yake anatumwa chumvi anakwenda kwa Goti. Mwalimu Felicitas amewarudisha nyumbani watoto wa darasa zima akidhani ni ugonjwa. Timu yetu nayo Jumapili iliingia uwanjani kwa Goti, wapinzani wakatuonea huruma, tukawafunga. Ushindi gani huo?

5. Munira anaupiga wimbo huo ndani ya nyumba yangu, akikaanga mihogo.

6. Sasa tuangalie mbele. Tukimwachia huyu aangalie kwanza mguu wa mtu ndipo apige ngoma, kesho fundi viatu naye atataka kuona mguu kabla ya kushona kiatu. Daktari ataanza kumsikiliza mgonjwa. Keshokutwa serikali ya mtaa italazimika kuwauliza wananchi maji yanapita wapi ndipo ichimbe mtaro. Wewe mwenyewe, Mwenyekiti, hapo utaishi vipi?

Kwa hiyo naomba banda lifungwe, programu ifutwe mbele ya mashahidi, na Bi Mwanakombo arudishwe kwenye biti ya kawaida hata kama hafiki nayo. Vijana wanaochechemea wapewe onyo, wanyooshe miguu.

Nisalimie mama watoto, mtendaji, wajumbe wote na mgambo wetu Elibariki. Wasalimie na majirani wa pande zote mbili za banda la Faraji. Katikati hapo usisalimie mtu.

Ni mie, mkazi wako ninayeungua ndani kwa ndani lakini kwa adabu,

Talha Khalfani,
Prodyuza halisi.

N.B. Ukishaamua kulifunga hilo banda, nakuomba usubiri kwanza harusi ya mdogo wangu ipite. Baba yetu, tangu apatwe na kiharusi, anatembea kwa mkongojo, na kiti cha kusukumwa amekikataa katakata. Anataka kuingia ukumbini kwa miguu yake, na kwa ngoma, kama baba wa bwana harusi. Nimemjaribishia uani biti zangu zote. Zote zinamwacha. Inaniuma, Mwenyekiti, kumwona mzee wangu amesimama katikati ya ua, anausikiliza wimbo unavyoisha. Jana nimempelekea Faraji video ya mzee akitembea. Nimemwomba na mkongojo nao auwekee ngoma yake.