Ubao wa Kizungu Kwenye Ngitili Yangu

Jumatatu, 4 Septemba 1972
Jua kali! Nyasi zimebaki kwenye ngitili tu, malisho tuliyotenga kwa ajili ya kiangazi, na yangu ndiyo nono kuliko zote hapa kijijini Mhunze. Maksai wangu wawili wakila humo hadi mvua, nitalima. Wakikosa, nitavuta plau mwenyewe. Lakini ng'ombe wa jirani yangu Athanas wanaingia kila siku, hata shikamoo hawatoi. Dawa nimepata. Ubao niliookota Geita, kwenye mgodi wa Wazungu uliofungwa. Una neno refu la Kiingereza. Maana siijui, ila kule lilikuwa linafukuza watu. Nimeusimika mpakani.

Jumanne, 5 Septemba
Balaa! Kijiji kizima kimekuja kutazama ubao. Nyasi zimelala chali. Mke wangu, Mama Kamili, kasema afadhali ng'ombe, wanaacha samadi. Athanas kauliza maana. Nikamwambia mbwa mkali. Mbona haonekani? Nikamwambia huo ndio ukali wake.

Alhamisi, 7 Septemba
Aibu. Niko kilabuni nawasimulia walevi wenzangu nilivyomtisha simba kwa ubao ule, kumbe maksai wangu wako ndani ya ngitili ya Athanas. Wamekula mpaka wakalala humohumo! Wazee wamesema Jumapili watanitoza mchenya, faini ya kuchinja: maksai mmoja. Nitalima na mmoja? Chakula nimekisukuma kando. Changu kala Mama Kamili.

Jumapili, 10 Septemba
Baada ya ibada, wazee wamekaa. Wakamwita katekista Herman asome ubao, yeye Kiingereza anakijua. Kasema maana yake ni kuingia kwa mtu bila ruhusa. Wote wakanigeukia. Nimejisimikia mashtaka mwenyewe! Herman kaongeza kwamba Wazungu wanalisema neno hilohilo kwenye Baba Yetu, pale pa kuomba kusamehewa makosa. Nikadaka. Nikasema ndiyo, jamani, huo ni ubao wa sala! Walicheka mpaka kukohoa. Athanas naye. Halafu kasema basi, yaishe, hata ng'ombe wake wamekula kwangu, na mzee kama mimi havuti plau. Machozi yakanitoka. Vumbi tu lile.

Jumatatu, 11 Septemba
Athanas mtu mwema sana. Mtu mwema hanuni kwa jambo dogo. Alfajiri nimeung'oa ubao, nikausogeza mbele kidogo. Upande wake, penye nyasi nzuri. Akikasirika, asome ubao.