Maziwa Bila Nyongeza

Jumatatu, 3 Machi
Naandika ili siku kampuni yangu itakapokuwa kubwa, wasomi wajue ilianzia kwenye ndoo ya maziwa soko la Levolosi. Mama amevunjika mguu. Ameuza maziwa pale miaka kumi na tisa, na ameniomba jambo moja tu: nimtunzie wateja wake arobaini hadi aweze kusimama. Mimi, mhitimu wa shahada ya biashara! Nitamkabidhi themanini.

Uchunguzi wa awali unasikitisha. Mama akishapima nusu lita, humwongezea kila mteja kidogo, bure. Nimekokotoa: lita nne hupotea kila siku. Nilipomuuliza huo ni mkakati gani wa bei, alisema ndivyo watu wanavyopewa maziwa.

Jumanne, 4 Machi
Nyongeza imefutwa. Badala yake nimeshusha nusu lita kutoka shilingi 1,000 hadi 990. Bei ya kisaikolojia! Hakuna aliyekuwa na sarafu ya shilingi kumi, mimi pia sikuwa nayo, hivyo wote walilipa elfu moja.

Mzee Abdiel, fundi viatu, humchukulia mkewe mgonjwa maziwa kila asubuhi. Alipopimiwa akabaki amesimama, chupa wazi. Nikamjulisha kwamba kipimo kimekamilika. Nikamfafanulia nadharia kwa ufupi, dakika kumi na mbili. Akafunika chupa, akaniambia nimsalimie Mama.

Alhamisi, 6 Machi
Wateja kumi na mmoja. Nosim, mama wa Kiarusha anayeuza maziwa meza ya jirani, alimaliza ndoo zake kabla ya saa tatu. Nilimwonya rasmi kwamba nyongeza zake ni ushindani usio wa haki. Akacheka hadi akashika meza.

"Bariki, msomi wetu, hata ukikamua ng'ombe unamwachia ndama kidogo."

Hoja isiyo na takwimu.

Jioni Mama aliuliza nani wamemsalimia. Nilitaja majina tisa. Saba niliyatunga.

Ijumaa, 7 Machi
Kosa limegundulika: bei ilikuwa ya chini mno, haikujenga hadhi. Sasa ni 1,500, pamoja na bango: Maziwa Teule ya Mlima Meru. Walikuja watu wawili. Mmoja alikuwa anauliza njia ya kwenda benki.

Yaliyobaki yamekuwa mgando. Tumekula mgando asubuhi, mchana na jioni. Mama anakula polepole. Anajua mgando mwingi maana yake nini.

Jumatatu, 10 Machi
Siku mbaya. Nosim alikuja nyumbani kumuuliza Mama mbona hatukuonekana mazikoni. Mazishi gani? Mke wa Mzee Abdiel. Alizikwa Jumamosi.

Mama aliweka kikombe chini. "Miaka kumi na tisa nampimia yule dada maziwa. Wamemzika mimi nipo hapa, nakula mgando."

Akataka bajaji hadi kwa Mzee Abdiel. Nikambeba hadi ndani, mguu wenye plasta ukatangulia. Nilimwamkia Mzee Abdiel shikamoo; akaitikia bila kuniangalia. Mama akamuuliza kwa nini hakutuma hata mtoto.

"Niliona haya, Mama Bariki. Kutuma habari ya msiba kwa watu wanaonihesabia matone."

Mama hakujitetea. Hakunitaja. Alifungua chupa ya chai aliyokuwa amejaza maziwa ya moto, akawamiminia waombolezaji hadi ikaisha. Hakupima.

Wakati wa kurudi, vumbi la barabarani liliniumiza macho sana. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jumatano, 12 Machi
Mama ameikabidhi meza kwa Nosim hadi atakapopona. Ameniomba, kwa upole, nisisogee pale. Afadhali angenifokea.

Nimetafakari usiku kucha na nakiri kosa langu waziwazi. Watu wanaipenda nyongeza. Wanaipenda kupita maziwa yenyewe. Kwa hiyo haikupaswa kufutwa kamwe. Ilipaswa kuuzwa! Nyongeza ya kawaida shilingi 100, nyongeza ya upendo shilingi 200, nyongeza ya msiba kwa makubaliano maalumu.

Nimemwandikia Nosim barua kuomba kikao cha kuwasilisha pendekezo hili. Amejibu kwamba atanisikiliza, mradi niwe nabeba ndoo huku naongea. Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi.