Kiti cha Nyuma, Bei ya Mwisho?

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe anakuja Jumamosi. Kabla hajaondoka kwenda zamu yake hospitalini, mke wangu ametoa amri: baiskeli ya mazoezi itoke sebuleni. Anasema mama hatapata pa kunyoosha miguu. Nimemkumbusha kuwa niliinunua mtandaoni kwa ajili ya afya yangu. Akanikumbusha kuwa tangu ifike imebeba taulo tu.

Kweli. Taulo zetu zina afya njema sana.

Nimeipiga picha, nikaiweka kwenye kikundi cha kuuziana vitu. Imetumika kidogo mno, nimeandika. Sijawahi kuona tangazo la kweli kama hilo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tunayemwita Bingwa kwa kuwa aliwahi kuuza mtandaoni friji isiyo na mlango, amepiga simu kunicheka. Anasema baiskeli ya mazoezi haiuziki, hurithiwa.

Tutaona!

Jumanne, 4 Machi

Nimepigwa na butwaa. Simu haijatulia tangu asubuhi! Mimi ni mtunza stoo wa shule. Chaki, ndoo na madawati yamenizoea kimya. Leo mwalimu mkuu kaniuliza kama nina mgonjwa.

Watu chungu nzima wameuliza: bado ipo? Nikijibu ipo, wanayeyuka. Mmoja anataka kujua inakula petroli kiasi gani. Mwingine anaomba tubadilishane na bata. Waliobaki, wote, bila hata haya, wanauliza neno moja: kile kiti cha nyuma, bei ya mwisho?

Kiti cha nyuma! Ni cha mama mkwe. Kimeingia kwenye picha bila kualikwa. Marehemu baba mkwe alikitengeneza kwa mikono yake, na inaonekana: kimeinamia kushoto kama mtu anayesikiliza umbea. Mama alikiacha kwetu tulipooana, ili akija asijione mgeni. Asipokuwepo, hakikaliwi. Niliwahi kukikalia wakati wa uchumba. Mpaka leo nasikia habari zake.

Nimewajibu wote: hakiuzwi. Mmoja tu, anayejiita Mteja Mpole, hakukata tamaa. Akauliza kama ule mguu wa nyuma bado unalia mtu akikaa.

Ajabu! Amejuaje? Simu za siku hizi picha zake zinaonyesha mengi.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata akili. Akili ya kweli!

Kuna tangazo la kiti kinachofanana na chetu kama mapacha. Mgongo uleule, mikono ileile, ila hiki kimenyooka. Bei ya kutupa. Muuzaji mwerevu, ameweka na kikombe cha chai juu yake ili mtu apime ukubwa kwa macho. Nikauze chetu ghali, nichukue kile rahisi, chenji ibaki mfukoni, na Bingwa anyamaze. Mama hatatambua. Kwa mkwe kiti ni kiti.

Nimemwandikia Mteja Mpole. Mpole gani huyu! Kapunguza bei, kapunguza tena, kaomba na nauli. Akauliza mbona kimeinama. Mimi ni mkweli: nikasema fundi alikosea vipimo. Akarudia neno fundi peke yake, kisha akasema sawa.

Mchana dereva wa pikapu kaja kukichukua. Hakuuliza njia. Hata ngazi yetu mbovu aliiruka bila kuonyeshwa. Madereva wengine wana kipaji.

Baiskeli nimeisukuma mahali pa kiti, nikaifunika shuka. Kwa mbali, ukifumba jicho moja, ni kiti. Mke wangu kaja, kaiona shuka, kasimama. Akadhani nimekifunika kiti cha mama kisishike vumbi! Machozi yamemlengalenga. Ameniongezea mboga bila kuombwa. Akauliza baiskeli iko wapi. Nikasema imeondoka.

Sikudanganya. Imeondoka machoni.

Alhamisi, 6 Machi

Kiti nilichoagiza kimefika. Ndani ya boksi la viatu.

Nilidhani wameleta misumari kwanza. Nikafungua. Mgongo uleule, mikono ileile. Ukubwa wa kiganja changu! Ni kiti cha mwanasesere. Na kando yake, kimefungwa kwenye pamba, kile kikombe. Kinatosha kumnywesha mende, tena mende asiye na kiu.

Nimekaa sakafuni. Sikuwa na pengine pa kukaa.

Muuzaji nimempigia. Sauti ya upole kabisa. Anasema tangazo lake liliandikwa kiti kizuri cha sebuleni, na hakutaja sebule ya nani. Kikombe, anasema, ni zawadi.

Ijumaa, 7 Machi

Moyo haupo. Nimemwomba Mteja Mpole anirudishie kiti, kwa bei yoyote. Akasema amekwisha kukizoea. Akataka kujua kwa nini nakililia kiti kibovu.

Nikamwambia ukweli: ni cha mkwe wangu, anakuja kesho. Akauliza, je, huyo mkwe ni mkali sana? Nikaandika kuwa namwogopa kuliko ukaguzi wa stoo.

Halafu sijui nini kilinipata. Nikaandika na yale ambayo sijamwambia hata mke wangu. Kwamba mwaka niliopoteza kazi ya kwanza nililala kitandani nimegeukia ukuta. Mama mkwe akaja bila kuitwa. Hakunipa shauri hata moja. Alivuta kile kiti mpaka mlangoni kwangu, akakaa, akawa ananishonea vifungo kwenye mashati yangu, moja baada ya jingine, mguu wa kiti unalia kila akijigeuza. Mashati yalipokwisha akaanza suruali. Nikaona aibu, nikaamka, nikaenda kutafuta kazi.

Mteja Mpole hakujibu mpaka jioni. Akaandika neno moja tu: tutaonana.

Lini? Mama anakuja kesho!

Jumamosi, 8 Machi

Nilijiandaa kusema kiti kiko kwa fundi.

Pikapu ikasimama mlangoni. Dereva yuleyule! Kando yake Bingwa, anacheka mpaka mabega yanaruka. Nyuma, kati ya mizigo, kiti. Na juu ya kiti, mama mkwe, mkoba mapajani, kama anayekwenda kuapishwa.

Kumbe Bingwa alimwonyesha tangazo siku ileile ya Jumatatu. Mteja Mpole ndiye mama mkwe! Maneno yote yalinikimbia isipokuwa shikamoo. Akaitikia marahaba, akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye shuka, akaivuta.

Mke wangu akaitazama baiskeli. Akakitazama kiti kinachoingizwa na dereva. Akanitazama mimi. Akaiokota shuka, akaikunja pembe kwa pembe. Heri angenigombeza.

Mama akakaa. Mguu ukalia. Ndipo akasema, taratibu:

“Mwanangu, fundi hakukosea vipimo. Mwenzangu alikuwa akikaa kushoto kwangu, na sauti yake ilikuwa ndogo. Akakitengeneza kiniinamishe nimsikie.”

Hakuna aliyecheka, hata Bingwa. Nami humu niliandika kuwa kinasikiliza umbea! Bahati shajara hii haijui kusoma kwa sauti.

Nikamrudishia pesa zake, nikaomba radhi kwa magoti. Akapokea vyote viwili.

“Kiti nilikuwa nakipeleka kwa Bingwa kikae huko,” akasema. “Yale uliyoandika jana ndiyo yamekirudisha hapa. Ila usidhani yamekwisha. Bado una vifungo viwili vimelegea.”

Kweli, vilikuwa vimelegea. Akatoa sindano.

Alipoliona boksi la viatu, adhabu akaipanga yeye: leo chai nimenyweshwa kwa kikombe cha mwanasesere. Mke wangu ndiye aliyemimina. Amemimina mara nyingi.

Jumapili, 9 Machi

Nimejifunza. Kosa lilikuwa picha. Ukiuza kitu, kipige picha peke yake!

Leo nimeipiga baiskeli picha upya, kwa upande mwingine, kiti hakionekani hata mguu. Simu imeanza kulia papo hapo. Wa kwanza anajiita Mnunuzi Mwaminifu. Baiskeli hana haja nayo. Anauliza lile sanduku jekundu la nyuma, bei ya mwisho? Na je, zipu yake bado inang'ang'ania pale kwenye kona?

Ajabu! Amejuaje habari za zipu? Simu za siku hizi, jamani.

Sanduku ni la mama mkwe. Lakini ni tupu. Nguo zake zimo kabatini. Tena nimekwisha kuona tangazo la jingine kama hilo, jekundu vilevile, bei ya kutupa. Muuzaji ameweka na kiatu pembeni ili mtu apime ukubwa kwa macho.

Nimejibu: lipo, bei maelewano.

Simu ya mama mkwe imelia kule sebuleni. Naye siku hizi anatafutwa sana.