Paka wa Ghala Namba Tatu

Kwa niaba ya Shirika la Maghala ya Umma, ninayo heshima ya kuutangazia umma mafanikio ambayo hayajapata kutokea: tumefaulu kutunga hadithi ya mauaji isiyo na muuaji.

Riwaya yenyewe iliandikwa na mama mmoja fundi cherehani, mjane wa mlinzi wetu. Miaka sita iliyopita ghala namba tatu liliungua na mumewe ndani. Ripoti yetu ilisema mlango ulikuwa wazi, ila marehemu alikuwa amelewa chakari, akashindwa kuuona. Mama akaandika riwaya ya upelelezi: mlinzi anafia ghalani, mpelelezi anagundua kwamba mkurugenzi aliuza vitanda vya hospitali, akafunga mlango kwa nje, kisha akatia moto kuficha wizi. Watu wakakigombea kitabu kama njugu. Televisheni ikataka kukifanya tamthilia.

Mkurugenzi wetu hakuzuia. Yeye si mtu wa kuzuia. Aliunda Kamati ya Kuoanisha Tamthilia na Heshima ya Utumishi, akajiteua mwenyekiti, nami nikawa katibu.

Kikao cha kwanza kiliamua muuaji asiwe mkurugenzi. Mwongozaji wa tamthilia akapendekeza daktari. Madaktari wakaleta barua. Tukamhamishia mwalimu hatia hiyo, walimu wakaja wenyewe, na mabango. Madereva ndio hawakuandika chochote, waliegesha tu malori mlangoni petu. Kikao cha saba kikaafiki kwamba moto uliwashwa na paka aliyeangusha taa. Mpelelezi angemsaka paka huyo kwa sehemu tisa.

"Sawa," mwongozaji akasema kwa unyonge. "Na kufuli je? Paka alifungaje kufuli?"

Mwenyekiti akavua miwani. "Kufuli liondolewe. Kwanza halikuwa moja, yalikuwa mawili. La chini lilikuwa bovu, likakazwa kwa waya. Tusiupotoshe umma."

Mama fundi, aliyealikwa kama mwandishi tangu kikao cha kwanza, akainua kichwa. "Mkuu, kwenye kitabu changu kufuli ni moja."

"Ndiyo maana nakusahihisha, mama. Ninyi wasanii mnapenda sana kubuni."

"Waya gani, baba?"

"Wa kawaida tu. Wa kufungia mizigo."

Pembeni aliketi afande wa upelelezi, mshauri wetu wa kitaalamu, ambaye mchango wake mpaka siku hiyo ulikuwa kuomba dirisha lifunguliwe. Akafungua daftari.

"Mheshimiwa, ripoti ya shirika inasema mlango ulikuwa wazi."

"Ile ilikuwa ripoti, afande," Mwenyekiti akamfafanulia kwa upole. "Hii ni sanaa. Sanaa inataka uhakika."

Nikayaandika yote neno kwa neno. Mwenyekiti akatia saini kila ukurasa, akanisifu kwa mwandiko, nami nikagawa nakala kwa wajumbe kama kanuni inavyotaka.

Mama fundi hakuondoka. Nilimkuta kwenye benchi la masjala, nakala imelala mapajani, vidole vyake vikiupapasa ule mstari wa makufuli kama anayetafuta mshono uliofumuka.

"Miaka sita naitwa mke wa mlevi," akasema. "Wanangu wameacha kumtaja baba yao. Na yule mtu hakuwahi kuonja hata tone."

Nilimjulisha kwamba malalamiko hupokelewa Jumanne.

"Si malalamiko, mwanangu. Nataka tu unigongee mhuri hapa."

Sikuona kanuni inayokataza. Nikagonga. Kisha, kwa sababu ambazo sijazipata katika mwongozo wowote, nikamgongea kila ukurasa.

Kikao cha nane kilifunguliwa saa nne asubuhi, agenda ikiwa rangi ya paka. Afande alichelewa kidogo, akaingia na wenzake wawili, akasimama nyuma ya kiti cha Mwenyekiti.

"Mkuu, tunakuomba kituoni. Utufafanulie habari za waya."

Mwenyekiti akacheka peke yake. Akatugeukia wajumbe wote kumi na mmoja, akauliza kama kweli hakuna mwenye pingamizi. Mmoja alikuwa akiichonga penseli yake. Mwongozaji alikuwa akiandika upesi upesi. Mama fundi peke yake ndiye aliyemtazama usoni, mpaka Mwenyekiti akainamisha macho.

Nikaandika: hoja imepita bila kupingwa.