Nilivyomsomesha Salma Mambo ya Maji

Leo nimevuliwa nguo hadharani, ndugu zangu, na nguo zenyewe nilikuwa nimezipiga pasi.

Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, kwa sababu Badi fundi cherehani yumo humu kwenye kundi, na akiamka usingizi wake wa mchana ataanza kusimulia yeye. Bora mlisikie kwangu.

Mwamjua binti yangu wa mwisho, Salma. Yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, pale upande wa Buxton, yuwasomea uhandisi wa maji. Muhula uliopita somo moja lilimwangusha, lile la maji kupita kwenye mabomba. Akaambiwa arudie mtihani, na akianguka tena arudie mwaka mzima, wenzake wakiendelea mbele. Nyumbani hakukuwa na raha. Mamake hata redio alikuwa hafungui.

Wiki mbili nyuma, baada ya alasiri, akanijia na daftari. "Baba, una nafasi? Nataka niketi na wewe, nikueleze somo langu."

Mimi. Niliyeacha shule darasa la tatu nikaenda kuwashikia watu misumari, mpaka leo nina karakana yangu ya makochi na nusu ya mtaa wetu wa Kuze imekalia kazi ya mikono yangu. Katika nyumba yenye kaka zake wawili wenye digrii, mtoto amekuja kwangu. Sikuuliza kwa nini. (Hapo ndipo nilipokosea. Mtu akikuheshimu ghafla, uliza.)

La kufanya nililijua. Sote tumepita madrasa. Maalim huketi, mwanafunzi husoma, maalim husema, "Rudia." Basi nikachukua mto mzuri, nikaketi, nikashika ile fimbo yangu ya kupimia vitambaa. Salma akaeleza. Bomba likiwa pana maji huenda taratibu. Likiwa jembamba huenda mbio. Na yakienda mbio, mgandamizo wake hupungua.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia kwa maneno mengine, akachora na picha ya bomba.

"Bado. Rudia."

Ukweli ni kwamba sikufahamu kitu. Maji yabanwe, halafu mgandamizo upungue? Kwa nini? Lakini maalim hasemi sijui. Maalim husema rudia.

Siku ya tano, hapo hapo kwenye mgandamizo, nikasinzia. Salma akanigusa goti. "Baba, umeelewa?"

"Nimefumba macho ili nisikie makosa," nikamjibu. (Alinitazama sana. Nilidhani ni heshima.)

Na barazani nilisema. Nilisema sana. Badi akaniuliza, "Wamsomesha nini wewe, kushona mito?"

"Maji," nikamwambia. "Mambo mazito, Badi. Hutayaweza."

Mlikuwepo. Mlinisogezea na kahawa.

Sasa leo. Mtihani ni saa tatu asubuhi. Salma ameshatoka, mamake akaiona kadi yake ya mtihani juu ya friji. Bila kadi haingii, na asipoingia ni mwaka mzima umekwenda. "Mpelekee mbio," akaniambia.

Mtu mwenye akili angetoka kama alivyo. Mimi nikaingia chumbani kuvaa kanzu nyeupe, koti, na kofia ya Idi. Walimu wamwone aliye nyuma ya kazi hii.

"Wenda kuoa?" mke wangu akauliza. "Mtoto yuwangoja kadi."

Mlangoni nikakutana na Badi. Akasema atanisindikiza akaone ninapofundisha. Tukapanda tuktuk.

Tulifika zimebaki dakika kumi. Wanafunzi kama arubaini wamesimama nje ya ukumbi, na Salma amejibanza ukutani, machozi tele, apekua mkoba mara ya mia. Nikampa kadi. Akanibusu mkono. "Ahsante, Baba. Sasa nenda nyumbani." Akarudia, "Nenda, Baba, jua kali." (Nilikuwa kivulini.)

Hapo akatoka mwalimu wao, mama mmoja wa bara, mpole, na bahasha ya karatasi za mtihani kifuani. "Karibu, mzee. Wewe ni mzazi?"

Ningesema ndiyo, yangeisha.

"Mimi ni baba yake Salma," nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka wa nyuma, "na ndiye ninayemsomesha somo hili nyumbani."

Uso wake ukachangamka. "Kumbe ndiye wewe. Salma alituambia darasani."

Nilimtazama Badi kwanza, nihakikishe asikia. "Aliwaambia nini?"

"Mimi niliwapa mbinu ya kujiandaa," akasema. "Ukitaka kujua kama umelielewa somo, tafuta mtu asiyejua chochote, umweleze mpaka aelewe. Wengi walikosa mtu, maana ndugu zao wanajifanya wanajua. Salma akasema yeye anaye nyumbani. Hajui kabisa, na haoni haya kusema rudia."

Nikaiweka sawa kofia yangu ya Idi.

Msichana mmoja wa miwani akaona anisaidie. "Usijali, ami. Mimi nilikosa mtu, nikamsomesha paka."

Badi akamuuliza, "Akaelewa?"

"Akalala, ami."

"Basi hao wamesoma darasa moja," akasema Badi, akinioneshea kidole.

Walicheka wote arubaini. Mwalimu alijificha uso kwa bahasha. Salma alitazama chini, mabega yakimtetemeka, kwa kilio au kwa kicheko sijamuuliza. Badi alirudi na tuktuk. Mimi nilirudi kwa miguu, na koti lile.

Salma amefika saa saba. Nilikuwa nimeshajipanga kununa. Akaketi chini, karibu na miguu yangu.

"Baba, swali la kwanza lilikuwa lile la bomba jembamba na mgandamizo. Wenzangu wengi wameliruka. Mimi nimelieleza mpaka karatasi imejaa."

"Kwa hivyo?"

"Kila uliposema rudia, nilitafuta njia nyengine ya kulieleza. Zilifika saba. Ungeelewa mara ya kwanza, Baba, leo ningeanguka."

Sijui nimesifiwa au nimetukanwa. Mamake amefungua redio, kwa hivyo nimenyamaza.

Matokeo bado. Na kuna karatasi nyengine Ijumaa, ya somo la muhula huu, la mitaro. Ameniuliza kama nitaketi tena. Nikampa sharti moja, wenzake wasijue. Akasema washajua, na yule msichana wa miwani ameomba aje yeye pia, maana paka wake amechoka.

Basi mwenye kucheka na acheke leo. Kesho alasiri msinitafute barazani, nina kazi ya kutofahamu.